Embe na Kitabu Havifungiwi Sandukuni

Juma hili nawaandikia nikiwa nimeketi chini ya mwembe, mikono yangu inanata. Kama karatasi hii ingefika kwenu vilevile nilivyoiandika, mngeona doa la manjano pembeni mwake, nanyi mngecheka.

Kwetu Tabora maembe yakianza kuiva, kuanzia Novemba hivi mpaka Januari, huwa mengi hata mbuzi huyakinai. Watoto hawaulizi tena chakula cha mchana. Akina mama hujaza vikapu na kwenda kuuza kandokando ya barabara, na jioni hurudi na nusu yake. Yanayobaki huanguka na kuozea chini, na nzi hufanya sherehe. Baada ya miezi miwili mitatu, basi, hakuna hata moja. Hapo ndipo twaanza kuyatamani.

Je, mmepata kujiuliza nani aliipanda miembe hii mikubwa, ambayo hata babu zetu waliikuta? Mwembe si mti wa pori letu la miombo. Kwao ni Bara Hindi na nchi za jirani zake. Ulifika huku kwa njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika Tabora na Kwihara, halafu ikaendelea mpaka Ujiji, kilomita 1,200 hivi. Katika karne ya 19 njia hiyo ilikanyagwa na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Ilikanyagwa na wapagazi Wanyamwezi waliobeba mizigo ya kilo 30 na zaidi mabegani. Ilikanyagwa pia na watumwa waliofungwa minyororo, nasi hatuna ruhusa ya kuwasahau. Wazee husimulia kwamba miembe mingine iliota kutokana na kokwa zilizotupwa njiani na wapitaji hao. Mti hauulizi aliyeutupa kokwa wake alikuwa bwana au mtumwa. Lakini jambo moja ni hakika: yule aliyetupa kokwa hakula tunda la mti ule. Twala sisi.

Sasa labda mtauliza, habari hizi za maembe zaelekea wapi? Zaelekea kwenye kitabu. Kitabu nacho ni hivyo hivyo. Mtu asiyetujua alikaa mbali akaandika, akaenda zake, nasi twapata utamu wake bila kuutolea jasho.

Katika njia hiyohiyo ya misafara alipita mtu aliyejua sana thamani ya karatasi. Ni Daktari Livingstone. Mwaka 1871, alipokuwa Manyema upande wa Kongo, karatasi zilimwishia na wino pia. Akachukua magazeti ya zamani, akaandika habari zake juu ya maandishi yaliyochapwa, kwa wino wa maji ya mbegu za mti. Mwenyewe aliandika kwamba huko Manyema aliisoma Biblia nzima mara nne. Mwishoni mwa mwaka huo Stanley alimkuta Ujiji, akampa barua na habari za ulimwengu. Februari 1872 wote wawili walifika Kwihara, karibu na mji wa Tabora. Stanley aliondoka Machi kurudi pwani, naye Livingstone akakaa akingoja wapagazi mpaka Agosti. Nyumba ya Kwihara inayokumbusha habari hizo ni makumbusho leo. Nendeni mkaione siku moja pamoja na watoto.

Basi fikirini: mtu mwenye njaa ya kusoma husoma kitabu kimoja mara nne. Sisi je? Tunavyo vitabu vingi kuliko yeye, na pengine hatujavifungua hata mara moja.

Nitawaambieni kisa changu. Nilipokuwa mtoto, shule moja niliyosoma ilikuwa na kabati la vitabu. Lilikuwa kabati zuri lenye kufuli kubwa. Vitabu havikutolewa, kwa sababu watoto wangevichafua. Sisi tulichungulia kwenye ufa tukaona migongo yao, mmoja mwekundu, mmoja wa kijani. Miaka ikapita. Siku kufuli lilipofunguliwa, mchwa walikuwa wametutangulia. Walikula kuanzia rafu ya chini mpaka ya juu, wakaacha majalada tu. Vitabu vile havikupata doa hata moja la kidole cha mtoto. Viliharibika vikiwa safi kabisa.

Hilo lilikuwa hasara ya vitabu. Hasara ya mtu ni kubwa zaidi. Shangazi yangu alijifunza kusoma akiwa mtu mzima. Mnakumbuka mwaka 1970 ulivyotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na jinsi kina mama walivyokwenda kwenye kisomo wakiwa na watoto mgongoni. Katika majaribio ya mwaka 1975 shangazi alifaulu, akapewa cheti, akakitundika ukutani. Lakini nyumbani hapakuwa na cha kusoma. Hapakuwa na kitabu wala gazeti, ila karatasi iliyofungiwa sukari dukani. Baada ya miaka kadhaa nilikuwa pamoja naye siku ya malipo ya tumbaku. Karani alimwonyesha mahali pa kutia sahihi. Shangazi aliishika kalamu, akaitazama, akairudisha mezani, akanyosha kidole gumba kitiwe wino. Njiani hakusema neno. Tulipofika nyumbani aliniambia, “Mwanangu, herufi ni kama michembe. Ukiiweka ghalani usiiguse, wadudu hawakuulizi.”

Wala si shangazi yangu peke yake. Mwaka 1986 hesabu za serikali zilionyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma walibaki karibu 10 tu katika kila 100. Nchi nyingi zilitusifu. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta karibu 22 katika kila 100. Sababu zake ni nyingi. Lakini moja yake twaijua sisi wa vijijini: mtu aliyejifunza kusoma, akakosa cha kusoma, husahau.

Na bado mlango uko wazi. Tangu mwaka 1948 Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki ilianza kuchapisha vitabu, na kuwapelekea watu wa mbali masanduku ya vitabu vya kuazima. Mwaka 1963 ikatungwa sheria ya kuanzisha huduma za maktaba katika nchi yetu. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akaifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Yeye mwenyewe alisoma shule ya Tabora tangu mwaka 1937, akafundisha St. Mary's papa hapa Tabora. Leo Tabora mjini ipo maktaba ya mkoa. Kitabu cha maktaba ni kama embe la mwembe wa njiani: si lako, lakini mwenyewe hakukatazi kula. Akutakalo ni moja tu, umwachie na mwenzako.

Labda utasema, “Sisi wakulima, tutasoma saa ngapi?” Neno hilo ni la kweli, nami sitalipuuza. Lakini tazama, mwaka wetu wenyewe umetugawia nafasi. Mvua za kwanza zikinyesha, uyoga huota porini na maembe huiva. Jembe halina huruma wakati huo, lakini mtoto aliye juu ya mwembe aweza kusoma ukurasa mmoja huku anakula. Februari na Machi huja mahindi mabichi na maboga, kisha karanga mbichi. Usiku watu huzunguka moto wakichoma mahindi, na masikio yao hayana kazi. Je, mmoja hawezi kuwasomea wengine? Halafu kiangazi huingia. Viazi hukatwa: vibichi huwa michembe, vilivyochemshwa huwa matobolwa. Majani ya kunde huanikwa yawe nsansa. Warina asali huenda porini. Kazi ya kuanika ni kuketi kivulini na kufukuza kuku. Nawauliza, kuna kazi gani nyingine iliyoumbwa kwa ajili ya msomaji wa kitabu kama hiyo?

Siku hizi watoto wana simu, na simu nayo yaweza kusomwa. Siikatai. Lakini simu huita, huimba, hugombeza, halafu huzimika moto. Kitabu hungoja.

Basi nawashauri hivi. Nyumba tano au kumi zipatane. Anayekwenda mjini kuuza maembe au asali, apite maktaba, aulize masharti yao, aazime. Kitabu kizunguke nyumba kwa nyumba, na daftari liandikwe jina na tarehe. Kila jioni baada ya chakula kisomwe kwa sauti, kurasa mbili tatu zatosha. Na asome yule aliyejifunza juzi, hata akikwama, wala asichekwe. Kisha kirudishwe kwa siku yake, ili jina la kijiji lisichafuke. Na tafadhali, kabla ya kukishika, mnawe mikono! Doa moja laweza kusamehewa, lakini kokwa ndani ya kitabu sijapata kuona maktaba inayokubali.

Mtapenda kujua habari za shangazi. Binti yangu alipoanza shule alileta kitabu cha maktaba, hadithi ya wanyama, chembamba tu. Ulikuwa msimu wa maembe. Alimsomea bibi yake hapa chini ya mwembe huu ninapoandika. Siku ya tatu bibi akaanza kumsahihisha. “Umeruka neno,” akasema. Mtoto akatazama, kweli ameruka. Wakaanza kusoma wawili, kidole cha mtoto na kidole cha bibi kwenye mstari mmoja. Kitabu chenyewe hakikuwa kinene, lakini kilimaliza msimu mzima. Nilikwenda mjini mara tatu kuomba tuongezewe siku, na mara ya tatu nilibeba kikapu cha maembe ili nisitazamwe kwa jicho baya.

Mwaka uliofuata, siku ya malipo, shangazi aliiomba kalamu mwenyewe. Aliandika polepole, na watu nyuma yetu walinung'unika kwa kuchelewa. Hakuwajali. Kidole chake gumba alikifumba ndani ya ngumi.

Haya, wasomaji wapenzi, maembe yapo sasa, kuleni. Na kama nyumbani mwenu kuna kitabu kilichofungiwa sandukuni, kifungueni jioni hii hii, kabla mchwa hawajawatangulia. Kwaherini mpaka juma lijalo.