Moto Mdogo kwa Safari za Gizani

Mwanga wa jua hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Chombo kikiwa mbali na jua mara mbili kuliko dunia, hupata robo ya mwanga. Kikiwa mbali mara tatu, hupata sehemu moja ya tisa. Kwenye sayari ya Mshtarii, mara 5.2, hubaki sehemu moja tu ya 27. Chombo kikubwa chaweza kutandaza mabawa mapana ya seli za jua. Chombo kidogo hakina uwezo huo.

Yaliyokipata chombo cha Ulaya kiitwacho Philae ni fundisho. Tarehe 12 Novemba 2014 chombo hicho, chenye uzito wa kilo 100 hivi, kilitua juu ya nyota-mkia baada ya safari ya miaka kumi. Kilidunda, kikatulia katika kivuli cha genge, mahali palipopata jua kwa saa moja na nusu tu katika kila mzunguko wa saa 12. Kabla ya siku tatu kwisha betri ilikauka. Sehemu kubwa ya kazi ya kwanza ilikuwa imetimia, lakini miezi ya uchunguzi iliyotarajiwa ilipotea kwa kukosa wati chache.

Wati hizo zaweza kupatikana. Plutoni-238 ni madini nururifu yatoayo joto yenyewe, na nguvu yake hupungua kwa nusu katika miaka 88 hivi. Joto hilo hugeuzwa umeme kwa kuunganisha vipitishi viwili vya aina tofauti, upande mmoja ukiwa moto na wa pili baridi. Kwa njia hiyo vyombo viwili vya Voyager, vilivyorushwa mwaka 1977, vilileta habari kwa zaidi ya miaka 45.

Kidonge chenye gramu 2.7 za oksidi ya plutoni hutoa wati 1 ya joto. Ikiwa sehemu 5 katika 100 zitageuka umeme, hupatikana wati 0.05. Kiasi hicho hakiendeshi redio. Lakini kikiwekwa katika betri kwa saa 24 hufika wati-saa 1.2, nishati itoshayo redio ya wati 5 kwa dakika 14 hivi. Haba na haba hujaza kibaba. Na joto linalobaki huizuia betri isigande.

Wapo wanaopinga, na hofu yao si ya bure. Aprili 1964 setelaiti ya Marekani ilishindwa kuifikia njia yake, ikaungua juu ya Bahari ya Hindi, kaskazini ya Madagaska. Kilo 1 hivi ya plutoni ilitawanyika katika anga la juu. Vumbi la plutoni likivutwa mapafuni ni hatari kubwa, na watu wa pwani ya Afrika Mashariki wana haki ya kulikumbuka jambo hilo. Hata hivyo, jenereta ile ilibuniwa makusudi iungue. Baadaye kanuni iligeuzwa, fueli ikafungwa katika makasha yasiyoungua. Mei 1968 roketi nyingine iliharibiwa baada ya kurushwa kutoka California. Jenereta zake mbili ziliopolewa baharini zikiwa nzima, na fueli yake ikatumika tena.

Kwa hiyo lisilofaa ni kupiga marufuku, na lisilofaa vilevile ni kuruhusu ovyo. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1992 zataka nishati ya nyuklia itumike pale tu ambapo njia nyingine haziwezekani, na tathmini ya usalama itangazwe kabla ya chombo kurushwa. Huo ni mpaka wa haki. Lakini tathmini iliyotangazwa haimlindi asiyeweza kuisoma. Mataifa yaliyo chini ya njia za roketi yanahitaji wataalamu wa kuzikagua hesabu hizo, na wataalamu hao huanza katika darasa la fizikia la sekondari, kwa hesabu isiyozidi ile ya kidonge kimoja na betri yake.