Kabla Hujasema Mtoto Ametupiwa Jicho



Kuna ombi ambalo halikosi kwenye simu yangu, kutoka Awendo, Rongo, Mbita, Kendu Bay: "Pasta, niombee mtoto, hataki kula." Wengine wanaongeza kwamba kuna jirani alimwangalia akila. Wanataja sihoho waziwazi.

Nitaomba. Lakini nitakuuliza maswali kwanza, mama, na usinikasirikie. Mtoto amekunywa chai asubuhi yenye vijiko vingapi vya sukari? Saa nne alikula nini? Akitoka shule alipitia kwenye miwa? Maana kama saa nne ni mandazi, saa kumi ni biskuti na juisi ya shilingi kumi, na njiani ametafuna muwa, basi saa mbili usiku ugali na omena zikifika mezani huyo mtoto hana pepo. Ameshiba! Mithali 27:7 yatuambia aliyeshiba hata asali haitaki, lakini mwenye njaa huona hata kichungu ni kitamu. Hapo mimi huwaza osuga.

Sasa sisi watu wazima. Chai nzito tunainywa juu ya chakula, na chai hiyo huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye mboga. Damu ikipungua, hamu ya kula nayo hupungua. Afadhali chai ingoje saa moja hivi. Halafu usingizi. Mwili usiolala vizuri hudai vitu vitamu siku nzima, ndiyo maana baada ya kesha watu hukimbilia soda. Sipingi kesha, mnanijua. Ila kukesha na TikTok si maombi.

Lakini nisikilizeni hapa. Ukiondoa vitamutamu, ukala kwa saa zake, ukalala, na bado chakula hakipiti, usingoje Jumapili. Malaria huondoa hamu ya chakula. Minyoo pia, na kichocho tunakijua sisi wa ziwani. Ukiwa na kikohozi kilichofika wiki mbili, jasho la usiku na nguo zinazolegea, nenda upimwe TB. Dawa zake ni bure katika hospitali za serikali. Na tusijifanye: Homa Bay na Migori ni kati ya kaunti zenye maambukizi mengi zaidi ya HIV nchini. Kukosa hamu kunaweza kuwa virusi vimepanda, au dawa inakuchafua tumbo. Mweleze daktari, akubadilishie ikibidi. Anayekwambia utupe dawa kwa sababu umeombewa, mimi sikubaliani naye, hata kama anahubiri kuliko mimi.

Maombi na kliniki havijawahi kugombana kwangu. Kwa hiyo wewe mama wa mtoto asiyekula, wiki hii ficha biskuti, umwangalie siku tano. Kama hakuna mabadiliko, mpeleke akapimwe, kisha Jumapili uje naye pamoja na kile kijitabu cha kliniki. Tutamwekea mikono.

Mbarikiwe.