Kabla ya Kutafuta Jani la Ulaya, Jani Lako Unalichuma Wapi?



Wiki iliyopita mama mmoja alinifuata ofisini, simu mkononi. Binti yake ana mimba ya miezi saba, na kwenye kundi la WhatsApp wametumiwa picha ya majani ya rasiberi. Eti ukinywa chai yake miezi ya mwisho, unajifungua bila kuhangaika. Swali lake lilikuwa la kilimo kabisa: "Afisa, mbegu nazipata wapi nipande hapa nyumbani?"

Nikamjibu kwamba rasiberi ni mmea wa nchi za baridi. Hapa kwetu ndugu zake wa porini utawakuta milimani, kama Usambara na Kilimanjaro. Kwa jua la Shinyanga na mvua zetu za kusuasua, utapoteza hela na maji.

Halafu nikamuuliza binti anatumia nini kwa sasa. Akasema kuna majani bibi yake anamchemshia, wanayachuma pembeni ya korongo, chini kidogo ya makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Hapo nikaweka kalamu chini. Suala la rasiberi likawa dogo ghafla.

Tuanze na hilo jani la Ulaya ili tulimalize. Wanawake wa huko wamelitumia tangu zamani, na wanasayansi wamelipima. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Sydney, Australia, kwa wanawake 192 wenye mimba ya kwanza. Waligawanywa: wengine walipewa vidonge vya jani hilo kuanzia wiki ya 32, wengine vidonge visivyo na dawa. Hatua ya kwanza ya uchungu haikufupishwa. Ile ya pili, ya kusukuma mtoto, ilipungua kwa kama dakika 10 tu. Kwa hiyo mayu, hukukosa muujiza wowote.

Sasa turudi kwenye jani letu. Kuna wenzangu watumishi wanaosema dawa za asili zipigwe marufuku zote. Mimi sikubaliani nao. Nchi hii ina sheria ya tiba asili tangu mwaka 2002, na lipo baraza linalosajili waganga. Lakini sikubaliani pia na wanaosema "ni majani tu, hayana madhara." Jani lenye nguvu ya kutibu lina nguvu ya kudhuru, hasa kwa mjamzito. Na hata jani lisilo na shida lenyewe linakuwa sumu likiota mahali pabaya.

Wewe wa Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu au Mwakitolyo unajua kazi inavyokwenda. Mawe yanasagwa, mchanga unaoshwa, zebaki inachanganywa kwenye beseni ili ishike dhahabu, kisha ule mchanganyiko unachomwa. Zebaki inapaa kama moshi, na baadhi yake inashuka palepale jirani: kwenye udongo, kwenye maji, kwenye majani. Majani yenyewe pia huinyonya kutoka hewani. Nyingine inabaki kwenye marudio, na mvua ikinyesha inasombwa hadi korongoni.

Zebaki haiozi kama samadi. Eneo lililoachwa na wachimbaji miaka mingi linaweza kuwa nayo bado. Kuosha majani kunaondoa vumbi la juu tu, si kilichoingia ndani. Kuchemsha hakukufanyi uwe salama. Na anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni, kwa sababu zebaki inaweza kuharibu ubongo na mishipa ya fahamu inayojengeka. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020, lakini mkataba hauji kukuchumia majani. Hiyo ni kazi yako na yangu.

Msimamo wangu ni huu: jani la dawa ni zao kama mahindi na pamba. Lazima ujue shamba lake.

Kwanza, acha kuchuma karibu na makarasha, mabwawa ya kuoshea, marundo ya marudio, au mahali panapochomwa dhahabu. Hili linahusu mchicha na mlenda pia. Na baba anayechomea dhahabu jikoni au uani, tafadhali, hapo ndipo mkeo na watoto wanapovuta hewa.

Pili, panda nyumbani, kwenye udongo unaoujua historia yake. Mlonge unavumilia ukame wetu vizuri. Ukiutaka kwa majani, ukate ukifika kama mita moja ili utoe matawi, na kausha majani kivulini, si juani. Kwa mjamzito, majani ni mboga nzuri, lakini mizizi na magome asiguse. Mwarobaini nao asinywe.

Tatu, tulinde ngitili. Mwaka 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Watu walikubali kutenga na kusubiri, na kufikia miaka ya 2000 zikavuka hekta 300,000. Humo kulirudi malisho, kuni, asali na miti ya dawa. Leo nasikia vijiji vikijadili kukata ngitili kwa ajili ya matimba ya maduara. Jamani! Tukiimaliza miti ya dawa iliyo kwenye ardhi safi, bibi atabaki kuchuma wapi? Palepale chini ya makarasha.

Yule mama tulikubaliana hivi: majani ya korongoni yaachwe siku hiyohiyo, na binti aende kliniki aseme wazi alichokuwa anakunywa, bila aibu. Ndugu muuguzi unayesoma hapa, akija mama wa namna hiyo usimfokee. Ukimfokea, safari ijayo atanywa na atanyamaza, na kunyamaza ndiko kunakoua.

Bibi hakukosea kumpenda mjukuu wake. Korongo alilolijua utotoni ndilo lililobadilika, na hakuna aliyemwambia. Basi leo jioni ukifika nyumbani, muulize bibi yako: haya majani tunayachuma wapi?

Tuonane shambani.