Manchester Haikufa kwa Pamba

Historia ya Manchester, mji mkubwa wa viwanda kaskazini mwa Uingereza, husimuliwa kwa maneno machache: pamba iliujenga, na pamba ilipoanguka, mji ukaanguka nayo. Simulizi hii ni rahisi kukumbuka, na nusu yake ya kwanza ina ukweli mwingi. Isiyosimama ni nusu ya pili.

Wanaoishikilia wana sababu nzito. Mwaka 1801 Manchester ilikuwa na watu wapatao 75,000. Kufikia 1851 walikuwa wamezidi 300,000, na ongezeko hilo halielezeki bila pamba. Uhusiano huo ulikuwa na uchungu pia. Sehemu kubwa ya pamba ilivunwa na watumwa kusini mwa Marekani, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoikatiza kati ya 1861 na 1865, wafanyakazi wa Lancashire, mkoa ulimokuwa Manchester, walikosa kazi na chakula. Mji ulioshikamana na zao moja kiasi hicho, mtu atauliza, ungewezaje kupona zao hilo likifa?

Swali ni la haki. Jibu lina sehemu tatu.

Kwanza, viwanda vya pamba ndani ya Manchester vilifikia kilele cha 108 mwaka 1853, kisha vikaanza kupungua. Usokotaji wa nyuzi ulishamiri katika miji mingine ya Lancashire, Oldham na Bolton, ufumaji ukashamiri Blackburn na Burnley. Manchester ilibaki na maghala, mabenki na soko la Royal Exchange, ambako wafanyabiashara walipatana bei. Ingawa viwanda vilipungua, mji uliendelea kukua kwa miongo mingi. Kwa hiyo hata enzi za pamba, riziki ya mji haikutegemea kusokota na kufuma peke yake.

Pili, mashine za pamba zilihitaji mafundi wa kuziunda, na ufundi huo ukapata wateja wengine. Mwaka 1841 Joseph Whitworth alipendekeza vipimo vya pamoja vya nyuzi za skrubu. Mwaka 1854 kampuni ya Beyer, Peacock ilianzishwa, ikaunda injini za treni huko Gorton. Katikati ya miaka ya 1950 iliunda injini 34 za aina ya Garratt kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, zikapewa majina ya milima. Mojawapo, Mount Gelai, imehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi. Wakati huo biashara ya pamba ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya miaka thelathini.

Tatu, miaka yenyewe inakataa. Vitambaa vya Lancashire viliuzwa nje kwa wingi kuliko wakati wowote mwaka 1913. Baada ya hapo India na Japani zikazidi kujifumia vyao. Kama pamba ndiyo iliyokuwa uhai wa mji, matanga yangeanza miaka ya 1930. Lakini mfereji wa meli uliounganisha Manchester na bahari, wenye urefu wa kilomita 58, ulikuwa umefunguliwa mwaka 1894, na pembeni mwake likazaliwa eneo la viwanda la Trafford Park mwaka 1896. Ford iliunda magari huko kuanzia 1911. Kufikia 1945 eneo hilo lilikuwa na wafanyakazi wapatao 75,000.

Anguko lilikuja baadaye, na kwa sababu nyingine. Kiwanda cha Gorton kilifungwa mwaka 1966, reli zilipoachana na mvuke. Bandari ya Manchester ilifungwa mwaka 1982, meli za makontena zilipokuwa kubwa kuliko mfereji.

Pingamizi kubwa linabaki: bila pamba, hao mafundi wasingekuwepo. Nakubali. Hata hivyo, kilichoanzisha jambo si lazima kiwe ndicho kinacholidumisha. Mtoto aliyelelewa na bibi hafi siku bibi anapozikwa.

Kosa hili lina gharama. Anayeamini pamba iliiua Manchester ataushauri mji wowote wa zao moja utafute zao jingine. Anayesoma miaka kwa makini atatoa ushauri mgumu zaidi: faida ya zao iingie katika ufundi, usafiri na elimu lingali linalipa. Manchester ilifanya hivyo, na ndiyo maana ilisimama muda mrefu baada ya pamba kuyumba.