Kipindi cha mazoezi kisisubiri mpira

Kila shule zinapofunguliwa, kwenye vilima vyetu husikika sababu ile ile: kipindi cha mazoezi ya mwili hakifundishwi kwa kuwa shule haina mpira wala uwanja. Watoto huketishwa wakaandika hesabu. Mimi ni mwalimu hapa Nyamugari, na nilisomea kambini Tanzania, ambako mpira wetu ulikuwa wa matambara na mifuko ya nailoni. Sababu hiyo siikubali.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, afisa wa jeshi la majini la Ufaransa, Georges Hébert, alifundisha kwamba mwili hujengwa kwa miendo ya asili ya binadamu. Aliigawa katika mafungu kumi: kutembea, kukimbia, kuruka, kutambaa kwa mikono na miguu, kupanda, kusimama bila kuyumba, kurusha, kunyanyua mizigo, kujihami na kuogelea. Shabaha yake ilikuwa mtu awe na nguvu ili awafae wenzake. Katika safari zake alivutiwa na watu, Waafrika wakiwamo, waliokuwa wepesi na wenye nguvu bila kufundishwa na mwalimu yeyote wa mazoezi.

Mambo hayo tunayo nyumbani. Watazameni wapiga ngoma wa Gishora, Gitega: huingia uwanjani ngoma zikiwa vichwani huku wakizipiga, kisha huruka juu na kutua kwa mdundo. Ngoma hiyo ya kifalme iliingizwa na UNESCO katika orodha yake ya urithi wa utamaduni mwaka 2014.

Lakini tusidanganyane: kazi ngumu na mazoezi si kitu kimoja. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1986 juu ya wanawake Waluo na Wakikuyu wa Kenya ulionyesha kwamba waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya kutembea mikono mitupu. Hao walikuwa watu wazima waliozoea. Dumu la maji la lita 20 lina kilo 20. Mtoto wa kilo 30 akilibeba, amebeba theluthi mbili ya uzito wake. Hayo si mazoezi, ni kumchosha kabla hajafika darasani.

Kwa upande mwingine wapo ndugu zetu wafanyabiashara wa mpakani Kobero. Wengi hupanda pikipiki alfajiri, huketi kibandani mchana kutwa, na jioni hurudi kwa pikipiki. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mtoto wastani wa dakika 60 kila siku. Mama au baba akishuka kwenye pikipiki kabla ya kufika, akatembea kwa haraka nusu saa siku tano, hesabu imetimia bila kulipa hata faranga moja.

Walimu wenzangu, kipindi hicho tukirudishe. Gogo la mkaratusi likilazwa chini linatosha kufundishia kusimama bila kuyumba. Mtaro ni wa kuruka, na kilima ni cha kukimbilia. Mfuko wa mchanga uanze na kilo mbili, uongezwe polepole. Wasichana wafanye sawa na wavulana, na mwenye ulemavu apewe zoezi analoliweza. Wazazi, mpeni mtoto dumu la lita tano. Nanyi wakaguzi, mkifika shuleni msiulize tu ipo mipira mingapi. Ulizeni watoto wamekimbia lini.

Wengi wetu tulirejea nchini bila shamba wala nyumba, tukaanza upya kwa nguvu za mikono na miguu yetu. Watoto wetu nao watazihitaji nguvu hizo, iwe shambani, sokoni au ofisini. Tusiwanyime kwa sababu ya mpira.