Maswali ya Mji Yatangulie Tasnifu: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Tanga

Ndugu Mkurugenzi,

Naomba kuleta mbele yako, na mbele ya madiwani na wakazi wenzangu, shauri ambalo kwa muda mrefu nimeliona kuwa ni haki ya mji huu: kwamba kila mwaka, kabla vyuo havijafunguliwa, Halmashauri itangaze hadharani maswali ambayo maafisa wako wa mipangomiji wanahitaji majibu yake lakini hawana nafasi ya kuyatafuta, ili kijana wa shahada ya uzamili anayeketi kutunga pendekezo la tasnifu yake aanze na haja iliyo hai, si na mada aliyoiokota katika tasnifu ya mwenziwe.

Njia anayopita kijana huyo inajulikana. Hutafuta mada, akaeleza tatizo, akasoma waliyoandika waliomtangulia, akatunga maswali, akachagua eneo na mbinu, akapanga ratiba na gharama, kisha akalitetea andiko lake mbele ya wasimamizi; na wakishalikubali hupewa barua ya chuo, akaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, akaelekezwa ofisini kwako, na kutoka hapo kwa mtendaji wa kata na mtendaji wa mtaa, mpaka akabisha hodi mlangoni petu. Tazama, Ndugu Mkurugenzi, jinsi mwenye mtaa anavyofikiwa wa mwisho, maswali yamekwisha kukatwa na kushonwa, mithili ya fundi aliyemaliza kanzu ndipo akaenda kumpima mwenye kuivaa. Sisi wa Ngamiani tumewapokea vijana wa namna hiyo, wenye adabu na bidii, wakiwa na hojaji zilizoandikwa kwa Kiingereza nao wakizifasiri papo kwa papo. Tumewajibu kwa insafu, tukawaombea heri, wala hatukupata kusikia majibu yetu yaliishia wapi. Taksiri si yao, kwa kuwa hakuna aliyewaagiza kurudi.

Na mji huu si fukara wa mambo ya kuchunguzwa. Tangu reli ya Usambara ilipoanza kujengwa kutoka hapa mwaka 1893, mwaka uleule mkonge ulipoletwa nchini, Tanga imepangwa na watu wengi kwa makusudi mengi: wakoloni waliitenga Raskazone yenye upepo wa bahari iwe makazi ya Wazungu, na Ngamiani, yenye barabara zilizonyooka zinazoitwa kwa nambari, ikawa ya Waafrika, na utengano huo, ijapokuwa amri yake ilikwisha kufa, bado husomeka katika upana wa viwanja. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika Jiji watu 273,332, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 393,429. Yaani katika miaka 10 wameongezeka watu zaidi ya 120,000, na kila mmoja wao anahitaji mahali pa kulala, maji, njia na riziki.

Ningependa, kwa ruhusa yako, kutaja maswali matatu yanayostahili kuwamo katika orodha ya kwanza. La kwanza ni la nyumba ya Kiswahili ya Ngamiani, yenye ukumbi kati, vyumba pande mbili na ua nyuma: inapobomolewa ili ghorofa isimame, mpangaji wa chumba kimoja huhamia wapi, na nani anamhesabu? La pili ni la Chongoleani, ambako mwezi wa Agosti 2017 Marais Magufuli na Museveni waliweka jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, lenye urefu wa kilometa 1,443: je, mvuvi wa rasi ile atahifadhiwa vipi njia yake ya kwenda pwani na pahali pa kuegesha ngalawa yake, kadiri viwanda na bohari zitakavyoufuata mwisho wa bomba? La tatu ni la baiskeli, chombo ambacho mji huu tambarare umekipenda kuliko miji mingi ya nchi hii.

Katika hilo la tatu natamani kudumu kidogo, maana ndipo inapoonekana tofauti ya mada na swali. Mwanafunzi akiandika kwamba atachunguza usafiri wa Tanga, amejitwika bahari nzima. Lakini akiuliza ni watu wangapi wanaovuka kwa baiskeli asubuhi kutoka Makorora kuelekea bandarini na sokoni, ni wanaume au wanawake, ni makutano gani wanayoyahofia, na upana wa barabara ungeruhusu nini bila ya kuvunja nyumba ya mtu, basi ana kazi inayokamilika kwa miezi michache, na wewe una waraka wa kuuweka mezani siku bajeti ya barabara inapojadiliwa.

Jambo hili si ndoto. Mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia katika mitaa ya Dar es Salaam pamoja na wakazi wakachora ramani za maeneo yanayofurika, na elimu ya darasani ikakutana na maarifa ya mtu anayejua maji hupita wapi. Nasi hapa tuna fahari ya pekee, kwamba Shaaban Robert, mwana wa Vibambani, alitumikia ofisi ya upimaji wa ardhi mjini humu katika miaka ya 1950. Kazi ya ramani na kazi ya Kiswahili fasaha ziliwahi kufanywa na mkono mmoja.

Huenda ikasemwa kwamba orodha ya Halmashauri itawafunga wasomi. Hasha: mji uulize, chuo kihakiki ubora wa swali na njia ya kulijibu, na mwanafunzi abaki huru kusema alichokiona, hata kikiwa chungu kwetu au kwako. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 imekwisha kukiri kwamba wananchi wasikilizwe mpango unapotayarishwa. Kusikilizwa huko kutakuwa na uzito zaidi kukitanguliwa na ilimu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu: orodha ya maswali itolewe kabla ya mwaka wa masomo kuanza, ikiwa imetungwa pamoja na wenyeviti wa mitaa, mwanafunzi atakayelichukua swali afunguliwe ramani na kumbukumbu zisizo za siri, na kibali chake kiwe na sharti la kurejea, aeleze matokeo kwa Kiswahili katika mkutano wa mtaa, na kuacha muhtasari wake katika Maktaba ya Mkoa.

Haya hayadai fedha nyingi, yadai azma. Nakuomba ujibu hadharani kama nilivyoandika hadharani, na ikiwa shauri lina kasoro, itajwe ili lirekebishwe; bali kama ni jema, maswali matano tu yangetosha kulianzisha katika mwaka huu wa masomo.

Wasalaam,

Mkazi wa Ngamiani, Tanga