Vijana Mlioko Ujerumani, Lugha Iko Wapi?

Wazee walisema mkaa bure si sawa na mtembea bure, huenda akaokota. Sibishani na wazee. Lakini siku hizi wamezuka watembezi ambao wakirudi hawana walichookota, na jambo hili limenikera kiasi kwamba kulinyamazia siwezi tena. Nawasema vijana wetu, wa kike kwa wa kiume, waliotoka hapa Puge, Nzega, Tabora mjini na kwingineko nchini, Mungu akawafungulia mlango wa kwenda kuishi Ujerumani, wakakaa huko miaka nenda miaka rudi, kisha wakaja likizo na viatu vizuri na simu za bei kubwa, na Kijerumani chao hakivuki salamu na bei ya nauli.

Haifai, ndugu zangu. Na kwa sisi watu wa huku ni aibu maradufu, maana sisi ni wana wa njia. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo mpaka Unyanyembe, kisha ikagawanyika, moja kwenda Ujiji na nyingine kushika kaskazini kuelekea ziwa kubwa, ilikanyagwa na babu zetu kabla Mzungu hajaiona. Mnyamwezi alibeba pembe mpaka pwani, akakuta Waswahili, Waarabu na Wahindi, akauziana nao na kuongea nao. Hakukaa pembeni na wenzake akingoja kutafsiriwa. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kaze, ndiyo Tabora yetu, Novemba 1857, Speke hakuwa na lugha ya kusema na watu. Kinywa chake kilikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto na kupelekwa India, akajifunza Kihindustani katika mateso yake. Mtumwa alijifunza lugha ya ugenini pasipo shule wala mshahara. Wewe uliyepanda ndege una udhuru gani?

Tazameni na Jacob Wainwright. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Wainwright alikuwa mmoja wa waliobeba maiti yake, watumishi wake Susi na Chuma wakiongoza, wakapita hapa Unyanyembe mpaka Bagamoyo. Naye alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani, akasomeshwa India. Njia nzima, penye njaa na maradhi, aliandika habari za kila kituo. Tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa wachukuzi wa jeneza katika kanisa la Westminster, London, na mwaka huohuo shajara yake ikachapwa kwa Kijerumani. Alikuja kufariki Urambo mwaka 1892, humuhumu mkoani kwetu. Ni watoto wangapi wa mkoa wetu wanaolijua jina lake?

Aliyekwenda Ujerumani kwenyewe nimtaje nani kwanza? Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Unguja, aliingia Hamburg mwaka 1867. Katika jumba la baba yake wasichana hawakufundishwa kuandika, na yeye alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za Msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Msichana wa namna hiyo hakushindwa na Kijerumani. Mumewe alikufa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akabaki mjane wa ugenini mwenye watoto watatu, na mwaka 1886 alitoa kitabu cha maisha yake kwa lugha ya Wajerumani wenyewe. Selim bin Abakari naye, mtu wa Ngazija, alifuatana na bwana wake Bumiller kutoka Berlin hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, na alipomaliza safari aliisimulia kwa Kiswahili, ikaingia katika kitabu kilichochapwa Göttingen mwaka 1901. Kwa cheo alikuwa mtumishi tu, lakini macho yake hayakuwa ya kitumishi. Na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki. Mpaka leo, mwenye kutaka kujua desturi za pwani za enzi hizo hana budi kufungua kitabu chake cha 1903.

Najua nitajibiwaje. Nitaambiwa Wajerumani wana ubaguzi. Wanao baadhi yao, nani asiyejua? Mtoro alidharauliwa na wanafunzi wake mwenyewe. Alipotaka kurudi nyumbani mwaka 1905 na mkewe Mjerumani, serikali ya kikoloni ilikataa mke asishuke Dar es Salaam, wakarudishwa Ulaya, na Mtoro akafia Berlin mwaka 1927. Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, alifundisha Kiswahili Berlin na kuonekana kwenye filamu zao, wakaja kumfunga chini ya utawala wa Hitler, akafa kambini Sachsenhausen mwaka 1944. Hayo ni maumivu yetu, wala siyapunguzi. Lakini kumbukeni pia Mdachi bin Sharifu, mwalimu mwingine wa Kiswahili huko. Mwaka 1919 alisimama katika mikutano ya hadhara akawaeleza Wajerumani, kwa lugha yao, mateso waliyowatenda watu wa Afrika Mashariki. Asingekijua Kijerumani, angesema na nani? Anayebaguliwa ndiye mwenye haja zaidi ya lugha. Bubu hashitaki.

Nitaambiwa Kijerumani ni kigumu, kila jina lina jinsia yake, na hizo jinsia ni tatu. Tatu! Nawe umezaliwa na ngeli za Kinyamwezi, ukakua na za Kiswahili, unazipanga bila kufikiri, m- na wa-, ki- na vi-, u- na n-, na kila kitenzi kikifuata. Mtoto wa Puge husema lugha moja nyumbani, ya pili sokoni, ya tatu shuleni, na kabla hajaota ndevu ameshayaweza yale ambayo Mzungu mzima hulipia mwalimu. Akili mnayo, tena nyingi. Mnachokosa ni kuinama, na mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Nitaambiwa Kiingereza kinatosha. Kinatosha uwanja wa ndege. Muuguzi hapewi leseni ya kazi yake Ujerumani mpaka afikie daraja la B2 la Kijerumani, na hata mwenye kuomba uraia hudaiwa B1. Bibi kizee wa kijijini aliyelazwa hospitali hana Kiingereza, naye ndiye utakayemgeuza kitandani usiku. Wapo wanaoingia kwa A1, daraja la kujitaja jina na umri, kama wasichana wanaokwenda kulea watoto katika nyumba za watu, wakafanya lile la kuingilia ndilo la kukalia. Hukusanyika nyumba moja watu wa nyumbani watupu, ugali jikoni, muziki wa nyumbani sebuleni, simu ikilia ujumbe wa vikundi vya nyumbani toka asubuhi mpaka usiku, na nje ya dirisha lao ni Köln au Leipzig ambayo hawajawahi kuisikia. Serikali ile ina kozi ya wahamiaji yenye saa 600 za lugha. Karibu kila mji una shule ya watu wazima, Volkshochschule, inayofundisha jioni kwa ada ya kuvumilika. Maktaba zimejaa magazeti. Timu ya mpira ya mtaa haikatai mchezaji. Yote hayo yapo, na kijana wetu anasema hana nafasi.

Hapa kituoni Puge niliona kwa macho yangu. Gari la wageni wawili, mtu na mkewe, liliharibika wakitoka Tabora kwenda Nzega. Walikuwa Wajerumani, tena wazee. Mafundi wakakusanyika, mwanamume anaonyesha chini ya boneti, haeleweki. Mtu mmoja akakumbuka kwamba kijana fulani yupo likizo, amekaa Ujerumani miaka mingi. Akaitwa kwa fahari, watu wakampisha njia. Akasalimu, yule mzee uso ukamchangamka, akamwaga maelezo yake yote. Kijana akatazama tairi. Mwisho akatuambia kwamba hao wanasema lafudhi ya kijijini. Gari lilitengenezwa kwa ishara za vidole, na mama mwuza asali akamwambia yule bibi wa Kijerumani "mwangaluka", naye akaitikia vizuri, maana alikuwa ameshajifunza kuitikia njiani.

Mgeni wa siku chache ameokota Kinyamwezi kandokando ya barabara! Na vijana wao wanaokuja kujitolea mwaka mmoja katika shule na hospitali zetu, kabla mwaka haujaisha wanabishana bei sokoni kwa Kiswahili. Wamefuata nini? Wamekaa na mama zetu kwenye vigoda, wakachekwa, wakarudia. Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Methali yetu, wanaoitimiza ni wao.

Na kwa kuwa nimegusa wageni, kuna neno jingine linanikaa kooni, nalo nitalisema. Enyi mnaofuatana na wageni na kuwaonyesha nchi, acheni kuwadanganya. Mgeni anasimama mbele ya boma la Tabora au tembe la Kwihara, anauliza, na mwenyeji asiyejua anatunga. Livingstone analazwa kila penye mwembe. Mjerumani yule amesoma kabla hajapanda ndege. Anajua kwamba mtemi Isike wa Unyanyembe alipigana na Wajerumani, na kwamba ngome yake ilipovunjwa Januari 1893 alijilipua kwa baruti asikamatwe. Amekuja kusikia wajukuu wanamsemaje, anaambiwa Isike ni jina la shule. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji hawezi kupona kwa uongo. Someni habari za Isike na mtemi mwenzake Mirambo, waulizeni wazee wachache waliosalia Itetemia, ndipo mchukue pesa ya mgeni.

Narudi kwa walioko Ujerumani, na hasa kwa wazazi wao. Mama, baba, mwanao akipiga simu Jumapili, kabla hujamweleza habari ya bati na ada za wadogo zake, muulize kwanza amefika daraja gani la Kijerumani, na cheti akipige picha akitume ukione. Muulize jirani yake wa Kijerumani anaitwa nani, na jana walizungumza nini.